Moshi wa sigara na mapafu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu BPCO mjini Goma

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara watu wa hapa Goma wanapopata nafasi ya kuuliza bila haraka kuhusu kikohozi kisichoisha, pumzi fupi na sigara. Yameanzia kwenye mambo ya msingi, hali za pekee ziko mwishoni. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine, utaelekezwa kwenye namba ya swali lake.

## Mambo ya msingi

1. BPCO ni ugonjwa gani?

Ni ugonjwa wa kudumu wa mapafu. Njia za hewa zimebanwa na hazifunguki tena kikamilifu, hata ukitumia dawa. Herufi hizo nne, kifupi cha jina lake la Kifaransa (kwa Kiingereza COPD), ndizo munganga (daktari) anazoandika kwenye fishi yako.

Ndani ya jina hilo mna madhara ya aina mbili. La kwanza ni bronkiti sugu: mirija ya hewa imevimba na kujaa makohozi. La pili ni emfisema: kuta za vifuko vya hewa zimelika. Wavutaji wengi wana yote mawili, kila mtu kwa kiasi chake, na ndiyo maana mmoja hutema makohozi kila asubuhi huku mwingine hakohoi sana lakini hawezi kumaliza ngazi.

Bronkiti sugu ina kipimo chake: kikohozi chenye makohozi kwa angalau miezi 3 ya mwaka, miaka 2 mfululizo, bila ugonjwa mwingine unaokieleza. Wengi wanaosema "hiki ni kikohozi tu cha sigara" walishavuka kipimo hicho zamani.

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani (OMS), mwaka 2019 ugonjwa huu uliua watu milioni 3.23. Kati ya wanaokufa nao kabla ya kufika miaka 70, karibu asilimia 90 wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Basi anayeuita ugonjwa wa wazungu hajaangalia hesabu.

2. Unaambukiza?

Hapana. Unaweza kula sahani moja na mgonjwa na kulala naye chumba kimoja. Lakini hakikisheni kwanza kwamba si TB (swali la 13).

3. Kila anayevuta ataupata?

Hapana, na yule babu wa miaka 80 anayevuta kiko chake kwa raha atatajwa kila tunapozungumza jambo hili. Kuna urithi wa damu, kuna mapafu uliyojengewa utotoni, kuna moshi mwingine unaoupumua. Shida ni kwamba hakuna mtu anayejua mapema kama yuko kundi la babu au kundi la wanaobaki nyumbani na oksijeni.

## Moshi unafanya nini ndani

4. Moshi unaanza kuharibu wapi?

Kwenye mirija. Ukuta wa ndani wa mirija ya hewa umefunikwa na vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga mfululizo kuelekea juu. Juu yake kuna tabaka la ute. Vumbi na vijidudu hunasa kwenye ute, vinyweleo husukuma ute hadi kooni, nawe unaumeza bila kujua. Kazi hii inaendelea usiku na mchana.

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000. Baadhi yake hupooza vinyweleo hivyo, na kadiri miaka inavyopita huvifupisha na kuvipunguza. Wakati huohuo seli zinazotoa ute huongezeka na tezi zake hunenepa. Ute ni mwingi, wa kuusukuma hakuna. Kinachobaki ni kukohoa, hasa asubuhi baada ya ute kutulia usiku kucha. Ute uliotulia ni mahali pazuri pa bakteria, ndiyo maana mvutaji hupata "mafua ya kifua" kila mvua zinapoanza.

Moshi ukiendelea, sehemu za ukuta hubadilika kabisa: seli zenye vinyweleo huondoka, mahali pake huja seli bapa na ngumu zisizosafisha chochote.

5. Emfisema inatokeaje? Moshi unawezaje kula pafu?

Si moshi wenyewe unaokula. Ni mwili wako unaojila kwa sababu ya moshi, na hapa inafaa kwenda taratibu.

Mapafu mawili ya mtu mzima yana vifuko vya hewa milioni 300 hadi 500, kila kimoja kikiwa na upana wa sehemu ndogo tu ya milimita. Ukuta unaotenganisha hewa na damu ni mwembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Ndani ya kuta hizo zimo nyuzi za elastini, protini inayovutika na kurudi. Ndizo zinazolifanya pafu lisinyae lenyewe unapotoa pumzi.

Moshi ukifika huko, humezwa na makrofaji, seli za ulinzi zinazoishi ndani ya vifuko. Kwenye darubini, makrofaji za mvutaji zinaonekana zimejaa chembe za kahawia. Zikilemewa, zinaita msaada, na neutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu) zinamiminika kutoka kwenye damu. Neutrofili hubeba elastasi, kimeng'enya ambacho hukata elastini. Makrofaji nazo zina elastasi yao ya aina nyingine. Mwaka 1997 watafiti waliwavutisha moshi wa sigara panya waliozaliwa bila kimeng'enya hicho cha makrofaji. Hawakupata emfisema. Panya wa kawaida, kwa moshi uleule, waliipata.

Mwili una kizuizi chake: alfa-1 antitripsini, protini inayotengenezwa na ini, ambayo hushika elastasi na kuizima. Kemikali za moshi huiharibu protini hiyo palepale kwenye pafu. Kwa hiyo wakataji wanaongezeka na mzuiaji anadhoofishwa, yote kwa sigara ileile.

Kuta zikishakatika, vifuko vidogo vingi huungana kuwa shimo moja kubwa. Hewa imo, lakini ukuta wa kupitishia oksijeni umepotea pamoja na mishipa yake ya damu. Elastini nyingi huwekwa mwilini tukiwa tumboni na utotoni, na mtu mzima hawezi kuijenga upya kwa mpangilio uleule. Hii ndiyo sehemu ya ugonjwa isiyorudi nyuma.

6. Kwa nini kutoa hewa ni kugumu kuliko kuiingiza?

Mirija midogo kabisa ya hewa haina gegedu la kuishikilia. Inakaa wazi kwa sababu vifuko vinavyoizunguka vinaivuta kutoka kila upande, kama turubai la hema linavyosimama kwa kamba zake: kata nusu ya kamba, turubai halijatoboka ila limelala. Ukiingiza hewa, kifua kinapanuka na mirija inafunguka. Ukiitoa, kifua kinabana na mirija inalala kabla hewa haijaisha.

Hewa inayobaki inarundikana pumzi baada ya pumzi. Kifua kinabaki kimejaa, misuli ya chini ya mbavu inabapa na kukosa nguvu, na pumzi mpya haipati nafasi. Ukila bugali hadi kushiba sana, tumbo linasukuma juu na hali inazidi. Wagonjwa wengi huona nafuu kwa kula kidogo kidogo mara nyingi.

7. Nimevuta miaka 20 sijahisi kitu. Mbona ghafla?

Si ghafla. Mirija yenye upana chini ya milimita 2 ni mingi mno, na ukipoteza sehemu yake nyingine zinachukua mzigo bila wewe kujua. Uchunguzi wa mapafu ya wagonjwa umeonyesha kwamba mingi ya mirija hiyo hupotea kabla emfisema haijaonekana. Ugonjwa unafanya kazi kimya kwa miaka.

Halafu mwili wenyewe unaficha. Mtu anaacha kupanda kwa miguu na kuita mota (pikipiki). Anaacha kusukuma chukudu (kigari cha mbao cha kubebea mizigo) na kumwachia kijana. Anasema ni uzee. Ukimwuliza kama anakosa pumzi atajibu hapana, na ni kweli, kwa sababu hafanyi tena chochote cha kumkosesha. Swali lenye maana zaidi ni hili: kitu gani ulikuwa ukifanya miaka 5 iliyopita na leo unakikwepa?

8. Miguu kuvimba kunahusiana vipi na mapafu?

Mishipa ya damu iliyopotea pamoja na kuta (swali la 5) na oksijeni kidogo hupandisha shinikizo ndani ya mapafu. Upande wa kulia wa moyo unasukuma dhidi ya shinikizo hilo hadi unachoka, na maji yanakaa miguuni. Hii ni dalili ya hali iliyokwenda mbali. Usiitibu kwa kupunguza chumvi tu; nenda hospitali.

## Aina za kuvuta, na moshi usio wa sigara

9. Mimi nanunua moja moja, mbili tatu kwa siku. Nayo inahesabika?

Inahesabika. Waganga huhesabu hivi: sigara 20 kwa siku kwa mwaka mmoja ni kipimo kimoja. Sigara 5 kwa siku kwa miaka 20 ni vipimo 5. Hatari hupanda kadiri hesabu inavyopanda, lakini hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa salama. Kununua moja moja kuna ubaya mwingine: huoni kiasi ulichovuta wala pesa iliyokwenda.

10. Sigara yenye filta, ile "laini", chicha (shisha), ya umeme, au moshi usiomezwa?

Filta na "laini" havijawakinga watu na BPCO. Mvutaji huvuta kwa nguvu zaidi na ndani zaidi ili apate nikotini yake. Maji ya chicha hupoza moshi, hayausafishi, na makaa yake huongeza kaboni monoksidi. Sigara ya umeme haina moshi wa majani yaliyoungua, lakini mvuke wake nao huwasha mirija, na kijana asiyevuta chochote hana sababu ya kuuanza. Asiyemeza moshi bado anapumua ule unaotanda chumbani, pamoja na mke na watoto.

11. Sijawahi kuvuta sigara maishani. Mbona munganga ameandika BPCO?

Hili ndilo swali la akina mama, na jibu liko jikoni. OMS inasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa wamepata BPCO kwa sigara. Katika nchi zetu ni asilimia 30 hadi 40, na moshi wa majumbani ni chanzo kikubwa. Kuni na makala (makaa) hutoa chembe zinazofika kwenye mirija midogo, ambako huanzisha uvimbe na kovu. Kwa moshi wa jikoni mara nyingi mirija huumia zaidi, emfisema huwa ndogo kuliko ya mvutaji.

Angalia mbabula (jiko la makala) unavyowashwa katika nyumba nyingi za mbao hapa mjini: kipande cha plastiki au cha mpira chini, makala juu, mlango umefungwa kwa sababu ya mvua, mtoto mgongoni. Dakika za kwanza ndizo mbaya kuliko zote. Washa nje, kwa vijiti vikavu au karatasi, na uingize (kama ni lazima) baada ya moshi kuisha. Hata hapo dirisha libaki wazi. Usilale kamwe na mbabula chumbani: makala yasiyotoa moshi bado hutoa kaboni monoksidi, ambayo hujishika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Inaua watu usingizini.

Baba anayevuta sigara ndani ya nyumba hiyo anajumlisha moshi juu ya moshi. Naona tunawalaumu wavutaji kwa sauti na kulinyamazia jiko, ilhali pafu halibagui.

## Kupima

12. Radio ya kifua (picha ya X-ray) ilitoka safi. Basi sina ugonjwa?

Radio inaweza kuwa safi kabisa mwanzoni. Kazi yake kubwa ni kutafuta mambo mengine: TB, uvimbe, maji, moyo mkubwa.

Kipimo chenyewe ni cha kupuliza, spirometria. Unavuta pumzi hadi mwisho, kisha unapuliza kwa nguvu zote hadi usibaki na kitu. Mashine inalinganisha hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza na hewa yote. Ikiwa sehemu hiyo ni chini ya 0.70 hata baada ya dawa ya kufungua mirija, njia zimebanwa. Uliza kama mashine ipo kabla ya kulipia safari.

13. Nitajuaje kama ni BPCO, TB, pumu, au karuho?

TB mara nyingi huja na homa za jioni, jasho la usiku, kukonda haraka, pengine damu kwenye makohozi. Kikohozi kikizidi wiki 2, peleka makohozi yapimwe kabla ya mengine yote, hata kama unavuta. Uvutaji wenyewe huongeza hatari ya TB.

Pumu kwa kawaida huanza utotoni au ujanani, huja na kuondoka, na katikati mtu hupumua vizuri. BPCO huanza baada ya miaka 40 kwa wengi, na haikupi siku ya kupumzika kabisa.

Kuhusu karuho: kwa kuwa mtu anakonda polepole na pumzi inaisha, majirani wengi wa Kivu watataja sumu kabla ya kutaja sigara au jiko. Sitabishana na hofu ya familia. Nasema tu kwamba kumtapisha mgonjwa asiye na pumzi kunaweza kumwua, kwa matapishi kuingia mapafuni, na kwamba kupima makohozi na kupuliza hakumzuii mtu kufanya mengine anayoyaamini. Pimeni kwanza.

## Kuacha na kutibiwa

14. Nikiacha leo, mapafu yatapona?

Kuta zilizokatika hazitarudi. Kinachobadilika ni mwendo wa hasara, na mwendo ndio kila kitu.

Kila mtu hupoteza nguvu kidogo ya kupuliza kila mwaka baada ya ujana. Mwaka 1977 Charles Fletcher na Richard Peto wa Uingereza walionyesha kwamba mvutaji anayedhurika hushuka kasi zaidi, na akiacha mwendo wake hurudi karibu na wa asiyevuta. Uchunguzi mkubwa wa Marekani na Kanada uliwafuata watu kwa miaka 11: wanaume walioacha walipoteza mililita 30 hivi za hewa ya sekunde ya kwanza (swali la 12) kwa mwaka, walioendelea 66. Piga hesabu kwa miaka 15 uone nani bado anakwenda sokoni mwenyewe.

Ute hupungua, vinyweleo huanza kurudi, kaboni monoksidi hutoka kwenye damu ndani ya siku moja hivi. Uvimbe wa ndani hupungua polepole, na kwa wenye BPCO sehemu yake hubaki hata baada ya kuacha. Kupunguza tu, kutoka kumi hadi tano, hakuleti faida hiyo. Wengi hurudi kumi.

15. Nimeacha wiki 2 na sasa nakohoa kuliko zamani!

Kwa wengi ni vinyweleo vinavyorudi kazini (swali la 4) na kusukuma ute wa zamani. Hupungua ndani ya wiki kadhaa. Damu, homa au kukonda si sehemu ya jambo hili; rudi swali la 13.

16. Maziwa, mawese au tangawizi vinasafisha mapafu?

Hapana. Vinakwenda tumboni, njia nyingine kabisa. Tangawizi ya moto hulainisha koo na hakuna ubaya kuinywa.

17. Dawa ya pampu hainisaidii. Nifanyeje?

Mara nyingi dawa inagonga koo na kuishia hapo. Chukua chupa safi ya plastiki ya nusu lita, toboa kitako tundu linalolingana kabisa na mdomo wa pampu, ziba pembeni kwa utepe. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe. Tikisa pampu, iingize kitakoni, weka midomo kwenye shingo ya chupa, toa pumzi, bonyeza mara moja, vuta polepole na kwa kina, shikilia hadi uhesabu 10. Subiri kidogo ndipo ubonyeze tena.

Salbutamoli hufungua mirija kwa saa chache, haiponyi. Usinunue dexa (deksametasoni, dawa ya steroidi) dukani kila kifua kinapobana. Munganga hutumia dawa za aina hiyo kwa siku chache wakati ugonjwa umepamba moto. Kuzimeza kwa miezi hupandisha sukari na kulegeza mifupa.

18. Pumzi ikikatika, nifanye nini kabla ya kufika hospitali?

Kaa, inama mbele kidogo, mikono juu ya magoti au meza. Vuta kwa pua, toa polepole kwa midomo iliyokunjwa kama ya kupiga mbinja, kutoa kuwe kurefu mara mbili ya kuvuta. Shinikizo hilo dogo linaizuia mirija isilale (swali la 6). Midomo ikiwa ya bluu, au mtu akishindwa kumaliza sentensi au akisinzia ovyo, msisubiri asubuhi.

## Hali za pekee

19. Goma iko juu, na kuna volkano ya Nyiragongo. Hivyo navyo vinaharibu?

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na oksijeni katika kila pumzi ni pungufu kwa sehemu moja ya sita hivi ukilinganisha na pwani. Kwa mwenye mapafu mazima si kitu. Mgonjwa atahisi, na anayeshuka Kinshasa anaweza kujiona amepona.

Gesi ya volkano yenye salfa, kama baada ya mlipuko wa Mei 2021, huwasha mirija na kuamsha mashambulizi. Siku za majivu mgonjwa akae ndani. Mazuku ni jambo lingine: ni kaboni dioksidi inayolala mabondeni, inaua papo hapo, haileti BPCO.

20. TB yangu ilipona zamani, na navuta.

TB iliyopona huacha kovu linaloweza kubana njia za hewa peke yake. Sigara inaongeza juu yake. Wewe una sababu mbili za kupuliza mashine hata kama hujafika miaka 40.

21. Nina miaka 35 na tayari nina emfisema. Inawezekana?

Inawezekana, ingawa si kawaida. Mwaka 1963 Laurell na Eriksson wa Sweden walieleza watu waliozaliwa na upungufu wa alfa-1 antitripsini (swali la 5), ambao mapafu yao huharibika mapema, hasa sehemu za chini. Ya wavutaji wengine huanzia juu. Upungufu huo ni nadra zaidi Afrika kuliko Ulaya. Bangi, TB, na mapafu yaliyodumaa utotoni kwa moshi wa nyumbani au wa mama aliyevuta akiwa mjamzito vichunguzwe pia.

22. Mzee wetu yuko na oksijeni nyumbani, naye bado anavuta "moja tu".

Asivute akiwa nayo, wala mtu mwingine ndani ya chumba hicho. Oksijeni haiungui yenyewe ila hufanya nguo, blanketi na ndevu vishike moto kwa cheche moja, na hubaki kwenye nguo kwa muda baada ya kufunga mashine. Mbabula, mshumaa na koroboi vikae mbali, angalau mita 3. Wala msifungulie oksijeni zaidi ili "apate nguvu": kwa wengi wenye BPCO waganga hulenga asilimia 88 hadi 92 kwenye kipimo cha kidole, kwa kuwa ikizidi, kaboni dioksidi hupanda kwenye damu na mgonjwa huzama usingizini. Kiwango kilichoandikwa na munganga kibandikwe kwenye mashine, na atakayekesha naye usiku aonyeshwe namna ya kukisoma.